Nukta Iliyobaki Kijenge

"Mjomba, ukitengeneza simu za watu, huwa unaangalia picha zao?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, nimekalia kreti la soda ndani ya fremu yake ya duka pale Kijenge, nikimsubiri mama atoke sokoni. Mjomba Sadoki alikuwa na kile kioo cha kukuzia jichoni na bisibisi ndogo kati ya meno. Aliitoa bisibisi, akacheka, akaniambia, "Wewe mtoto, kanywe soda." Soda yenyewe hakuninunulia.

Siku zile Sadoki alikuwa mtu wa maneno mengi. Alitelemka kutoka Nkoaranga, kwenye migomba na kahawa ya babu yangu, akiwa na meza moja na bisibisi tatu, na baada ya miaka michache hapakuwa na simu iliyopita mezani kwake bila kupewa hukumu. Hii betri yake ni ya kudanganya. Hii kamera yake ni nzuri kuliko mwenyewe. Ile kava lake la manyoya linaichemsha kama yai. Kila simu aliyopokea aliibandika kipande cha karatasi ya gundi mgongoni, akaandika jina la mwenyewe na namba ya kuifungulia, kwa sababu simu isiyofunguka huwezi kuijaribu. Ikifika saa kumi jioni, meza imejaa simu zenye siri zake mgongoni, zimepangwa kama mbuzi wa mnadani waliopakwa rangi.

Kitu alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, nacho ni simu ya wizi. Aliwahi kulala mahabusu siku mbili kwa sababu ya simu ambayo mtu aliileta kubadilisha kioo, kumbe ilikwapuliwa stendi asubuhi ile ile. Tangu hapo mteja asiyemfahamu alikutana na maswali mawili kabla hata ya salamu kuisha: "Boksi lipo? Risiti ipo?" Mwenye boksi na risiti alikuwa mtu safi. Kwake hapo mambo yaliishia.

Ndivyo alivyompokea Richard.

Richard alikuwa dereva wa watalii, mwanamume wa miaka kama arobaini, shati la kaki limepigwa pasi, miwani ya jua juu ya kichwa. Aliingia na simu mpya kabisa, nailoni ya kioo haijabanduliwa.

"Boksi lipo?"

"Chalii yangu, mimi unaniona mwizi?"

"Sijasema mwizi, bosi. Nimesema boksi."

Richard akacheka, akaweka boksi mezani, na juu yake risiti yenye jina lake. Akaeleza shida yake. Simu alikuwa amemnunulia mke wake. Yeye kazi yake ni ya porini, leo Manyara, kesho Serengeti, wiki mbili haoni nyumba. Alitaka awe anaona simu ya mama watoto iko wapi, ili roho itulie. "Unaujua mji huu, bodaboda wanakimbiza mikoba ya watu. Namwangalia tu, basi. Na usimsumbue na vitu vya kubonyeza bonyeza. Asijue hata kama kipo."

Sadoki alitazama risiti. Ilikuwa halali. Akaiweka ile programu, akaificha kwenye kabrasha la vitu visivyofunguliwa na mtu, akaipa na jina: Kikokotoo. Sasa simu ilikuwa na vikokotoo viwili. Alijiona fundi kweli kweli. Kwenye simu ya Richard ramani ikafunguka, na nukta ya bluu ikawaka hapo hapo Kijenge, juu ya fremu yake.

"Kiboko wewe," Richard akasema, akampiga begani, akachukua na namba yake ya simu.

Miezi minne ikapita.

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja aliingia na mtoto mgongoni. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta ingawa jua lilishatoka, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kitambaa.

"Habari za kazi, fundi. Simu yangu inachemka na chaji haikai. Mpaka uushikilie waya kwa kidole ndiyo inapokea."

"Karibu, dada. Boksi lipo?"

"Boksi analo mume wangu."

Sadoki alitaka kukataa, lakini mtoto akamtazama kwa yale macho ya watoto wanaotoka usingizini, akaona aibu. Akaandika kwenye karatasi ya gundi: Sinyati. Akaomba namba ya kufungulia, akapewa. Simu ilikuwa ya moto kweli. Akaingia kwenye orodha ya vinavyokula betri, kama anavyoanza siku zote.

Wakati anatafuta, Sinyati alikuwa anaongea. Alianza polepole, kama mtu anayezungumza na kinyozi.

"Fundi, wewe unajua haya mambo. Hivi mtu anaweza kuwa porini huko na akajua uko wapi?"

"Kivipi?"

"Mume wangu. Nikienda sokoni anajua. Nikipita kwa dada yangu anajua. Wiki iliyopita nilikwenda Engutoto kuangalia chumba cha kupanga. Sikumwambia mtu, hata huyu mgongoni sikumwambia. Sijakaa hata kwenye kiti, simu inaita: 'Unafanya nini Engutoto?' Yeye yuko Serengeti!" Akashusha sauti. "Aliporudi ndiyo hivi vidole."

Mbele ya macho ya Sadoki orodha ilikuwa imefunguka, na juu kabisa, kitu kinachokula nusu ya betri mchana na usiku, kilikuwa kimeandikwa Kikokotoo.

Aliinua macho akamtazama yule mwanamke, akayashusha, akasoma tena, labda ameona vibaya. Hakuwa ameona vibaya. Jina lile alilitunga yeye.

"Nani anamwambia, fundi? Mimi nilisema ni msichana wa kazi, Ruth. Nikamfukuza. Alinipigia magoti, mtoto wa watu, nikamtupia begi lake nje. Halafu nikasema ni jirani yangu Sia, tumegombana mpaka kwenye ngazi za kanisa. Mwisho nikasema ni uchawi. Kwaya nzima imeniombea. Sasa sina mtu wa kuongea naye. Mkate nanunua bila kusalimia."

Angeweza kunyamaza. Mjomba mwenyewe anasema wazo hilo lilimjia na alilipenda: afunge simu, amwambie kifaa chake hakipo, arudi wiki ijayo. Lakini vile vidole vilikuwa mezani, karibu kabisa na mkono wake.

"Dada," akasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ninayemwambia. Yaani, simu ndiyo inayomwambia. Mimi ndiye niliyeifundisha. Alikuja na boksi na risiti."

Sinyati aliuondoa mkono wake mezani. Hakupiga kelele. Sadoki anasema afadhali angepiga.

"Risiti," akarudia. Kisha: "Ruth nilimtupia begi kwa ajili yako?"

"Nisamehe, dada."

"Kizime."

Sadoki akapeleka kidole kwenye kioo, kikaishia hewani. "Nikikizima, ataona kimezimikia wapi. Ataona ni hapa. Atajua umejua."

Kabla hajamaliza, simu ikaanza kutetemeka mezani. Kwenye kioo jina likaandikwa: Baba Naisula. Mtoto mgongoni, ambaye ndiye Naisula mwenyewe, akanyoosha mkono kuitaka. Mama yake akasogea nyuma.

"Pokea," Sadoki akanong'ona. "Usipopokea ni vibaya zaidi."

Akapokea. Sauti ya Richard ilitoka waziwazi, kwa kuwa spika ya simu ile ilikuwa nzuri.

"Uko Kijenge unafanya nini?"

"Natengeneza simu. Haichaji."

"Kwa nani?"

"Kwa fundi."

"Fundi gani? Mpe."

Sadoki akaishika simu kama kaa la moto.

"Sadoki, chalii yangu. Ni wewe, eh? Naona. Sikiliza, kile kitu usikiguse."

"Sawa, bosi."

"Wageni wamepanda ndege ndogo huko huko porini, narudi na gari tupu. Niko Makuyuni. Mwambie mke wangu anisubiri hapo hapo, nampitia. Asiondoke. Umenielewa? Na wewe nakutegemea."

Simu ikakatika. Kutoka Makuyuni hadi Kijenge ni saa moja na nusu, na dereva wa watalii akiwa na hasira hupunguza.

Sinyati alikuwa ameshaushika mkanda wa mkoba wake. "Alisema anarudi Jumamosi," akasema. "Nilipanga niondoke Alhamisi. Ndiyo maana nilitaka simu ipone." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anajisemea. "Nikiondoka nayo, ananifuata. Nikiizima, anajua."

Hapo ndipo Sadoki akaona. Anasema hakuwa na ujasiri wala akili kubwa. Aliona tu jambo la kifundi. Nukta haimfuati Sinyati, inaifuata simu.

"Iache hapa," akasema. "Ikiwaka. Na laini yake ndani. Yeye ataona uko hapa."

"Na mimi?"

"Wewe nenda leo. Sasa hivi. Na dada, usiniambie unakokwenda. Mimi ni mwoga. Nikijua nitasema."

"Sikuwa na mpango wa kukuambia," Sinyati akamjibu.

Kikatokea kikwazo ambacho hakuna aliyekifikiria. Sinyati hakuwa na namba hata moja kichwani, ya dada yake wala ya mtu yeyote. Zote zilikuwa ndani ya ile simu. Sadoki akachukua kalamu na kipande cha boksi la protekta za vioo ili amwandikie.

"Wewe usiandike," Sinyati akasema. "Wala usizione. Geuka."

Akageuka, akautazama ukuta wenye kalenda ya mwaka uliopita, akasikia kalamu ikikwaruza boksi polepole, kwa mkono wa kushoto. Alipogeuka, aliona simu mezani, imetazama chini. Mwanamke na mtoto walikuwa wameshatoka. Hata kwaheri hakupewa.

Akaigeuza simu. Chaji asilimia kumi na moja.

Akachomeka waya, hakuna kitu. Akakumbuka: mpaka uushikilie kwa kidole. Akaukunja waya upande, akaukandamiza kwa kidole gumba, alama ya chaji ikawaka. Akilegeza, inazima. Kuitengeneza ni dakika ishirini tu, lakini huwezi kuitengeneza bila kuizima, na ikizima hata dakika moja Richard ataona Kijenge imekuwa giza. Kwa hiyo akakaa. Fundi anayejulikana Kijenge nzima, mwenye mashine ya hewa moto na hadubini, amekaa ameshikilia waya kwa kidole gumba kama mtu anayeziba bomba linalovuja.

Mlango wa pili palikuwa na fundi cherehani, Nathanael. Akachungulia. "Profesa, leo unapima mapigo ya moyo ya simu?"

"Niache, Nathanael."

"Itapona?"

"Niache bwana!"

Saa tano kasorobo umeme ukakatika mtaa mzima. Sadoki anasema alisikia feni ikilegea, na moyo wake ukalegea nayo. Asilimia tisa. Nane. Akavunja kwa mkono mmoja boksi la betri ya akiba ya kuchajia simu, aliyokuwa ameipanga kwenye kabati la kioo kwa ajili ya kuuza, akachomeka, akakandamiza tena. Ikawaka.

Simu ya Sinyati ikatetemeka mkononi mwake. Baba Naisula. Hakupokea. Ikaita mpaka ikakata. Sekunde hiyo hiyo ikaita ya kwake mwenyewe, mfukoni.

"Mbona hapokei?"

"Iko mezani, bosi, nahangaika na chaji."

"Nilikuambia usiguse!"

"Kile sijagusa. Nimegusa chaji tu."

"Yuko wapi?"

"Amempeleka mtoto msalani."

"Niko Meserani."

Sadoki akatazama saa. Meserani tayari! Alijaribu kuhesabu Sinyati amefika wapi, halafu akajizuia, kama vile hata kuwaza njia moja kungeweza kuonekana kwenye ramani ya mtu.

Simu ya tatu ilitoka Kisongo, karibu kabisa na kuingia mjini.

"Bado yuko msalani?"

"Mtoto anaharisha, bosi."

Akasikia gari likinguruma, na Richard akipumua.

"Sadoki," akasema, kwa upole, "usinichezee."

Angeweza kufunga fremu akakimbia. Alilifikiria sana hilo, mpaka aliinuka nusu. Lakini akikimbia na simu nukta inakimbia, na akiiacha itakufa baada ya dakika chache. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Akabadilisha, akaweka cha mkono mwingine. Asilimia kumi na mbili.

Gari lilisimama saa sita kasoro dakika chache, lile refu la kijani lenye paa la kufunguka, vumbi la Makuyuni limeganda kwenye vioo. Richard aliingia akainama kutazama chini ya meza, nyuma ya mlango, hata nyuma ya pazia dogo ambalo nyuma yake kuna ndoo tu.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameondoka na simu iko hapa?"

Richard akamkamata shati shingoni, akamvuta juu ya meza, simu za watu zikamwagika chini na karatasi zao za gundi. "Ulimwambia!"

"Nilimwambia," Sadoki akasema. Anasema neno lilitoka lenyewe.

"Amekwenda wapi?"

Hapa mjomba hajipambi, na mimi simpambi. Shingo ikiwa imekabwa, macho yanaona nyota, alitafuta kichwani kote kitu cha kumpa yule mtu. Jina la mtaa, la ndugu, la basi, chochote. Angekuwa nacho angekitoa. Hakikuwepo.

"Sijui. Naapa. Nilimwambia asiniambie."

Nathanael alikuwa ameshatoka, rula yake ya mbao mkononi, na nyuma yake wateja wawili na mama wa mahindi. "Jamani, kuna nini?"

"Huyu mwizi!" Richard akapiga kelele. "Hii simu ni yangu! Nina boksi! Nina risiti!"

"Ni yako," Sadoki akasema. Akautoa waya, akampa simu kwa mikono miwili, kama anavyompa kila mteja. "Chukua, bosi. Ni yako kabisa."

Richard aliishika, akaitazama. Ilikuwa imebaki na asilimia kumi na tano, na nukta yake ilikuwa hapo hapo aliposimama yeye. Akapiga kabati la kioo teke moja, kava na chaja zikamwagika na vipande vya kioo, akatoka. Sadoki alibaki amesimama, waya mkononi, mpaka Nathanael akamletea kreti akalie.

Wiki mbili mfululizo kila gari la watalii lililopunguza mwendo pale nje lilimfanya ainame chini ya meza. Alifungua saa tatu badala ya saa moja. Aliogopa Richard, lakini kuna alichokiogopa zaidi: kusikia habari mbaya ya mwanamke aliyemwacha aende bila simu, na mtoto mgongoni, na namba zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto kwenye kipande cha boksi.

Wiki ya tatu akaja mwanamke mnene mwenye kicheko, akachagua kava bila hata kulijaribu.

"Wewe ndiye Sadoki? Mimi naitwa Sia. Nilikuwa jirani ya Sinyati."

Sadoki akaweka bisibisi chini.

"Alinipigia kwa namba ngeni. Tumelia wote wawili. Na Ruth pia, Sinyati amemtafuta, wako pamoja huko."

"Ni wazima?"

"Wazima. Sijasema wapi."

"Wala sijauliza, mama." Akalitia lile kava kwenye mfuko. "Ameniachia salamu?"

Sia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Hakukutaja."

Baada ya hapo Sadoki alibandika karatasi mlangoni: SIMU HAIGUSWI BILA ANAYEITUMIA KUWEPO. Watu walimcheka. "Yaani bibi yangu atelemke kutoka Nkoaranga kwa ajili ya kioo?" mteja mmoja alimuuliza. "Atelemke," Sadoki akajibu. Wengine wakahamia kwa mafundi wengine, na hakuwaita. Karatasi za gundi za mgongoni aliacha kuzibandika. Mteja anaweka namba yake mwenyewe, na wakati anaiweka, Sadoki anageuka na kutazama ukuta.

Likizo hii, nikiwa kidato cha tatu, mama alinipa simu yake ya zamani, nikaipeleka Kijenge ibadilishwe kioo. Nilimwamkia, akaitikia, akafanya kazi kimya. Alipomaliza akanirudishia. "Weka namba yako," akasema, akageuka. Mgongo wake ndio ulionisimulia haya yote, kwa vipande vipande, kioo kipya kikipoa mikononi mwangu. Alipofika hapo nikadhani amemaliza.

"Siku ile ya kreti uliniuliza kitu, sikukujibu," akasema, bado ameuelekea ukuta. "Nilikuwa naangalia. Harusi za watu, watoto wao wachanga, mbuzi wao, kila kitu. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa naangalia tu. Ndiyo maana yule bwana alipokuja akasema anataka kumwangalia mke wake tu, sikuona kosa lake liko wapi."